Kabla ya mechi ya askari na vijana

Mwenyekiti: Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Mkuu wa kituo cha polisi amekubali kukutana na vijana wetu. Wengi wamependekeza mechi ya kandanda kati ya askari na vijana, nami naomba maoni yenu.

Msemaji wa vijana: Shikamooni wazee wangu. Mechi tutaicheza kwa furaha, ila tunaomba isimeze mazungumzo. Kinachotuumiza ni namna tunavyosimamishwa njiani: kijana anafokewa mbele ya watu, anapekuliwa mifuko, simu yake inachukuliwa na kufunguliwa, kisha anaambiwa aende zake bila kuelezwa alishukiwa kwa lipi. Aliyetendewa hivyo hatamwendea askari yule yule kesho yake kumwambia kwamba ameona watu wakiruka ukuta wa jirani.

Askari mstaafu: Marahaba, mwanangu. Unayosema ni kweli, na yananiuma. Askari akijitambulisha, akaeleza sababu ya kukusimamisha, akakusikiliza kabla ya kuamua, kisha akakukabidhi kitambulisho chako mkononi badala ya kukitupa juu ya boneti la gari, mamlaka yake hayapungui hata chembe. Mtafiti wa Marekani, Tom Tyler, ameonyesha kwamba watu hukubali zaidi maamuzi ya polisi wanapoona utaratibu ulikuwa wa haki, hata kama uamuzi wenyewe haukuwapendelea. Nanyi vijana mfahamu kwamba askari wa doria naye ana hofu yake gizani, kwa hiyo mikono ionekane, jibuni kwa utulivu, na mkionewa, shikeni jina au namba ya askari ili malalamiko yapelekwe.

Mama mlezi: Yapelekwe wapi, Afande? Mzazi akiambiwa arudi kwenye dawati lile lile la aliyemwonea mwanawe, atanyamaza. Hilo mkuu wa kituo atujibu. Pia mtoto akikamatwa, mzazi aarifiwe mara moja, asisubiri kusikia kwa majirani. Kanuni za Beijing, yaani kanuni za kuwashughulikia watoto wanaotuhumiwa makosa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, zinasema hivyo waziwazi, tena zinataka askari wanaoshughulika na watoto mara kwa mara wapewe mafunzo maalumu.

Mwalimu: Naunga mkono. Kuhusu mechi, mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba chuki kati ya makundi hupungua watu wanapokutana kwa hadhi sawa, wakashirikiana kwa lengo moja, na wakuu wao wakabariki ushirikiano huo. Askari wakipangwa upande mmoja na vijana upande wa pili, tutakuwa tumewarudisha kwenye uhasama ule ule tunaotaka kuuondoa. Kila timu iwe na askari na vijana, ili kijana ampe pasi askari na askari amtegemee kijana golini.

Msemaji wa vijana: Tunashukuru, Mwalimu. Tunaomba pia waje askari wa doria za usiku, kwa kuwa ndio tunaokutana nao, wala asitumwe ofisa uhusiano peke yake.

Mwenyekiti: Nimeyapokea yote. Mazungumzo yatatangulia, vijana watasema kwanza, na timu zitachanganywa. Mama, tafadhali niandikie maswali ya wazazi kuhusu malalamiko na ukamataji wa watoto, niyapeleke kwa mkuu wa kituo mapema ili aje na majibu kamili.