Manifoldi ya ekzosti ina ufa: nichomelee, nichukue used au ninunue mpya?

Kibubu
Wakuu habarini za jioni. Gari yangu ni Carina Ti. Nikiwasha asubuhi inapiga ta-ta-ta kama cherehani, ikishapata moto sauti inapungua. Fundi kafungua boneti, kachungulia, kasema manifoldi ya ekzosti, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini, imepasuka. Nina mawazo matatu: kuichomelea, kuchukua used kwenye maduka ya spea Gerezani, au mpya ya Kichina. Nataka kuifungua mwenyewe nyumbani, maana hela ya ufundi aliyonitajia inakaribia bei ya spea yenyewe. Ipi bora? Jibuni mapema, nataka kazi ianze Jumamosi.

Nyundo7
Ti ipi mkuu? AT210 ina injini ya 4A, AT211 ina 7A, AT212 ina 5A. Umekuja na swali nusu.

Fundi wa Kimara
Na mimi naongeza: ufa umeuona wewe kwa macho yako au umeambiwa? Yale mabati ya kukinga joto umeyatoa? Nati zikoje, zina kutu? Vifaa gani unavyo nyumbani?

Mwarabu wa Tanga
Nimeweka kambi hapa, ya kwangu nayo inalia hivyohivyo.

Kibubu
Samahanini wakuu. Injini ni 5A. Ufa sijauona, ni maneno ya fundi. Nati zina kutu nyingi. Vifaa ninavyo boksi la soketi na jeki.

Fundi wa Kimara
Sasa tunaongea. Ta-ta-ta ya asubuhi inayopotea injini ikichemka ni dalili ya kuvuja kweli, kwa sababu chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba upenyo. Lakini gasketi (ile ya kuziba maungio) iliyoungua inalia vilevile, na nati iliyolegea pia. Usinunue chochote bado. Toa bati la juu, angalia masizi meusi yametokea wapi. Yakiwa kwenye maungio ya hedi (kichwa cha injini), huenda ni gasketi tu. Yakiwa katikati ya mikono ya manifoldi, hapo ni ufa. Ukitaka uhakika zaidi, injini ikiwa imepoa, puliza hewa kwa bloa kwenye bomba la nyuma, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye manifoldi. Panapotoa povu ndipo panapovuja.
Bahati yako kwenye hiyo gari manifoldi iko mbele, upande wa rejeta. Ingekuwa nyuma ukutani ningekwambia uache.

Bwana Hedaz
Achana na hiyo manifoldi ya kiwandani, weka hedaz, zile manifoldi za mabomba za spoti. Gari inapumua, inakuwa nyepesi, na sauti inakuwa tamu.

Nyundo7
5A ya kwenda kazini na kurudi unaiwekea hedaz za nini? Joto lote liishie kwenye rejeta? Na sensa ya oksijeni ataifunga wapi?

Bwana Hedaz
Kuna za kuchomelea tundu la sensa. Wengine mmezoea mwendo wa bajaji.

Mama Junior
Mdogo wangu Kibubu, kuchomelea nilishapitia, ngoja nikusimulie. Ya kwangu ni Corolla 110. Fundi wa mtaani aliichomelea kwa vijiti vilevile vya kuchomelea mageti. Hakuipasha moto kwanza, na alipomaliza akaimwagia maji ili ipoe haraka, eti nisikae sana. Gari haikumaliza wiki, ufa mpya ukatokea pembeni ya ule wa kwanza. Nikarudi, akachomelea tena juu yake. Safari hii manifoldi yenyewe ikapinda, haikai sawa kwenye hedi, gasketi ikawa inaungua kila mara. Mafuta nayo yakaanza kupotea, mpaka nikadhani naibiwa kwenye tangi.
Kwenye foleni nikifunga vioo kichwa kinauma. Nikajua ni uchovu wa kazi. Ni shemeji aliyenishtua kwamba ule ni moshi unaingia ndani kupitia njia ya hewa.
Nikaamua kununua used. Yule fundi wakati wa kuifungua akakata stadi, ile skrubu inayoshika nati, ndani ya hedi. Akajaribu kuitoboa kwa drili ya mkono, drili ikaenda upande. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kwa wachonga vyuma, gasketi ya hedi mpya, oili mpya. Gharama zake sisemi hapa, mume wangu naye ni mwanachama humu.

Mwarabu wa Tanga
Dada hapo mwisho umeniua 😂

Mzee wa Leith
Poleni, lakini msiilaumu kazi ya kuchomelea kwa kosa la asiyeijua. Manifoldi ni chuma cha kasti. Kasti inataka vijiti vya nikeli, ipashwe moto yote taratibu, ichomelewe vipande vifupi vifupi, halafu izikwe kwenye mchanga mkavu au majivu ipoe yenyewe mpaka kesho. Ncha za ufa zitobolewe kwanza ili usiendelee. Mwisho uso wake usagwe uwe sawa. Ikifanywa hivyo inakaa.

Nyundo7
Mzee, nani atafanya yote hayo kwa bei ya mtaani? Achukue used kutoka injini ya Japani, yaishe.

Otieno_KBZ
Hata huku Nairobi ni hivyo, mafundi wa jua kali wengi watakuwekea welding rod yoyote. Mimi naenda Kirinyaga Road na ile manifold ya zamani mkononi, naiweka juu ya ile nataka kununua. Mashimo, flange, mahali pa sensor, vyote vilingane. Ukienda mikono mitupu utauziwa ya 7A.

Fundi wa Kimara
Kweli kabisa. Pistoni ya 7A inasafiri milimita 85.5, za 4A na 5A ni 77. Bloku ya 7A ni ndefu, hedi inakaa juu zaidi, kwa hiyo usitegemee kwamba bomba la chini litakutana sawa. Used igonge kidogo na spana uisikilize: nzima inalia kama kengele, iliyopasuka inatoa sauti ya kufa. Weka rula kwenye uso wake uone kama imepinda. Mpya za Kichina nazo zipime kwa rula, usiamini boksi.

Kibubu
Na hizo nati nazifunguaje bila yaliyompata Mama Junior?

Fundi wa Kimara
Pulizia dawa ya kutu Ijumaa jioni, rudia usiku, rudia asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita, ya pembe kumi na mbili itakula nati. Ikigoma usilazimishe: kaza kidogo, legeza kidogo. Ikigoma kabisa, ita mtu mwenye gesi aipashe moto nati. Wakati wa kufunga weka gasketi mpya, nati mpya, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu. Na usijaribu gari ndani ya banda lililofungwa, kaboni monoksidi, ile sumu ya kwenye moshi, haina harufu.

Bwana Hedaz
Ukishafungua, toa na masega ya ekzosti (katalisti) kabisa, gari inapumua.

Mama Junior
Kila kitu kwako ni kupumua. Masega yanapunguza sumu ya moshi tunaovuta sote barabarani.

Bwana Hedaz
Ya zamani hivyo yameshaziba dada, yanazuia moshi tu.

Nyundo7
Yakiziba gari inakosa nguvu mlimani. Ya Kibubu imekosa nguvu? Hajasema.

Kibubu
Nguvu ipo. Nimetoa bati la juu leo. Masizi yapo kwenye maungio ya silinda namba nne, ila pia naona kama mstari mwembamba kwenye mkono wake. Sijui ni ufa au ni alama ya kusubia. Picha inagoma kupanda.

Mzee wa Leith
Sugua kwa brashi ya waya, halafu fanya ile ya maji ya sabuni.

Dalali Ilala
Mkuu ninayo ya 5A safi, njoo inbox.

Nyundo7
Weka picha na bei hapa hapa, inbox za nini?

Kijana wa Sinza
Wakuu samahani kwa kuingilia, eti kati ya Ti ya 5A na Premio ipi inakula mafuta kidogo? Nina milioni saba.

Otieno_KBZ
Premio gani, boss? Mwaka gani?