Waifu ana uvimbe mdogo kwenye titi, daktari anataka amchome sindano kwanza. Nikubali?

ngaramtoni_mmoja
Wakuu habari za usiku huu. Naandika hapa maana nyumbani hatuongei hii kitu, kila nikianza mama watoto ananiambia baba Neema tulale. Iko hivi, wiki mbili zilizopita anaoga akashika kitu titi la kushoto, juu kule karibu na kwapa, kagumu kama punje ya mahindi ya kande, hakaumi. Ana miaka 34, mtoto wa mwisho ana mwaka na nusu na ameshaacha kunyonya. Tukaenda mjini Arusha akapigwa ultrasaundi, ripoti inasema uvimbe wa sentimita 1.3 na chini wameandika BI-RADS 4A, daktari akasema atolewe kinyama kwa sindano ndo tujue. Sasa bro wangu wa Moshi kapiga simu anasema tusithubutu, uvimbe ukichokozwa unasambaa, bora akatwe wote mara moja yaishe. Hiyo 4A ndo hatua ya nne? Maana nimesoma mahali hatua ya nne ndo mwisho, tangu juzi sijala vizuri. Na kwa nini hawakumpiga mamogramu, au wamembania?

fundi_slaidi
Mkuu kula kwanza. 4A sio hatua ya nne kabisa, hatua inapangwa kansa ikishathibitishwa na hapo hakuna aliyethibitisha kitu. BI-RADS ni msoma picha anakwambia ana wasiwasi kiasi gani. Akiandika 3 maana yake uwezekano wa kansa hauzidi asilimia 2, mtu anaambiwa arudi baada ya miezi 6 waangalie tena. 4A ni zaidi ya 2 mpaka 10, yani kati ya wanawake 100 wenye ripoti kama ya shemeji, 90 na ushee wanakutwa hawana kansa. 5 ndo ile ya 95 kwenda juu. Kwa hiyo usilale ukidhani yameisha ila pia usiende kununua sanda.

Mamogramu hawajakubania. Chini ya miaka 40 titi bado lina tezi nyingi, kwenye picha tezi ni nyeupe na uvimbe nao mweupe, ni kama kutafuta kondoo mweupe kwenye ukungu wa asubuhi kule Marangu. Ultrasaundi inatumia mawimbi ya sauti, inaona kama ndani ni maji au nyama, kingo ni laini au zimechongoka chongoka, ndo maana wanaanzia hapo.

Sasa hiyo ya bro wako. Niko maabara huku Moshi mwaka wa 9, kazi yangu ni hivyo vinyama, na hii stori naisikia kila wiki. Ilianzaje? Mtu anakaa na uvimbe miaka 2, anakuja umeshapasua ngozi, anachomwa sindano, baada ya miezi anafariki, mtaa mzima unasema sindano. Wakati ugonjwa ulishatembea kitambo. Sindano haimpunguzii mtu maisha, ila kukata kwa kubahatisha kunaweza kumletea shida. Daktari akitoa uvimbe hajui ni nini, akija kuambiwa ni kansa na kingo za alipokata zina seli zimebaki, mgonjwa anarudi tena teatani, na hapo kwapa halijaguswa. Akijua mapema anapanga akate upana gani, aangalie tezi za kwapani, au aanze na dripu za kemo kabla ya kisu. Na ikiwa ni faibroadenoma, vile vivimbe visivyo kansa vinavyokimbia ukivigusa, wanaweza wasikate kabisa.

Halafu muulize daktari sindano gani. Ile nyembamba inavuta seli tu. Nene inatoa vijiti vya nyama kama tambi fupi, hiyo ndo inatupa majibu kamili. Huku kwetu kinyama kinalowekwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kinapitishwa kwenye spiriti, kinagandishwa ndani ya nta, tunakikata vipande vya maikroni 3 au 4 hivi, maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, ukipumua vibaya kinaruka. Kinaelea kwenye maji ya vuguvugu, unakiokota na kioo, unakipaka rangi, viini vya seli vinakuwa zambarau na vingine pinki, ndo daktari wa patholojia, yule anayesoma vinyama, anakaa na darubini. Ikiwa kansa kuna vipimo vya ziada, ER na PR vinaangalia kama seli zinapokea homoni, HER2 inaangalia protini fulani ya seli, vinasema dawa gani itafanya kazi. Ndo maana majibu hayatoki kesho mkuu, usimgombeze mtu wa mapokezi.

La mwisho halafu nikalale. Hospitali nyingine wanampa ndugu kichupa apeleke maabara mwenyewe. Kiwe na fomalini ya kutosha kuzidi kinyama mara kumi, SIO maji SIO spiriti, kiandikwe jina, umri, titi la upande gani na saa kilipotolewa. Na kisikae siku nne kwenye droo yako, kikizidi masaa 72 vile vipimo vya ziada vinaweza kudanganya.

MamaWawili_Majengo
Pole kaka, na mpe pole mwenzio. Mimi nilikuwa na sentimita 1.8. Mahali pa kwanza nilipoenda, sitapataja, waliniminya wakasema ni maziwa yamegoma nikande na maji moto, nimekanda miezi 7!!! Kwa hiyo nyie wiki mbili mmefika ultrasaundi shukuruni.

Sindano yenyewe wanakupiga ganzi, halafu ile mashine inalia TAK kama ya kubana makaratasi, mlio ndo unashtua kuliko maumivu, mimi niliruka wakati sijasikia chochote. Amwambie daktari ampigishe mara moja hewani asikie kwanza. Yangu ilikuja kansa, ila kwa kuwa ilikuwa ndogo titi halikuondoka, walikata uvimbe na nyama ya pembeni, kisha Ocean Road Dar kwa mionzi, maana titi likibaki mionzi ndo inazuia isirudi palepale. ER yangu ilikuwa chanya nikapewa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isilishe kansa, kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku miaka 5. Joto lake sasa! Nimekaa kanisani watu wamevaa masweta mimi najipepea na kitabu cha nyimbo. Lakini nimemaliza, na nyanya nauza mwenyewe.

kahawa_chungu
Mnatishana bure hapa. Kuna mzee huku juu anatoa mzizi uvimbe unayeyuka wiki tatu, hakuna kisu wala sindano.

fundi_slaidi
Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari Samunge Loliondo kufuata kikombe cha dawa ya Babu, najua walioacha dawa zao wakapanda nao. Huo mzizi uliyeyusha uvimbe gani, ulipimwa na nani kabla? Usinijibu kama huna ripoti.

kahawa_chungu
Sawa profesa.

ngaramtoni_mmoja
Wakuu asanteni sana, nimemsomea mama watoto yote, ya kitabu cha nyimbo amecheka mpaka akakaa chini. Leo tumeenda, ni ile nene, wametoa vijiti vitatu, mlio alisikilizishwa kwanza. Kichupa nimepewa mimi, nimeandika KUSHOTO kwa herufi kubwa nikakipeleka saa ileile kwa boda, dereva nimemkatazia matuta. Majibu wiki mbili. Bro bado amenuna, yake hayo.

Swali dogo tu, mdogo wetu amezoea kulalia kifua cha mama yake, usiku huu anang'ang'ania na hapo pana plasta. Nimtoe?

MamaWawili_Majengo
Usimtoe, mhamishie kulia.