Tupeane uzoefu: Joker, yule adui wa Batman kwenye vitabu vya katuni, wa mchoraji gani hajakutoka kichwani mpaka leo?

Koroboi_Kikwajuni:
Assalaam alaykum wadau. Jana umeme umekatika saa mbili usiku, mwanangu kavuta droo kutafuta tochi katoka na kile kitabu changu cha The Killing Joke. Kakiangalia kava, kakirudisha kifudifudi, hajasema neno. Nkacheka peke yangu maana mie mwenyewe yule bwana nilimuona mara ya kwanza kwa koroboi, ule msimu wa kiza wa 2009 kuingia 2010, waya wa baharini ushakufa, miezi mitatu Unguja nzima haina umeme. Nilikuwa nafagia gesti moja Shangani, mgeni kaondoka kaacha kitabu chini ya godoro. Joker wa Brian Bolland huyo, kashika kamera kakuelekezea wewe, meno yote nje, na kila ulimi wa moto ukicheza na mdomo nao unacheza. Nilikigeuza nkalala, na bado nilikuwa najua anacheka. Haya wenu nani? Semeni mchoraji na mlikuwa wapi.

pono_wa_malindi:
Marshall Rogers, 1978, ile hadithi ya samaki. Joker anatia sumu baharini samaki wote wanatoka na mdomo wake, kisha anakwenda kwa karani wa hakimiliki anadai kila samaki akiuzwa na yeye apate chake, karani anamwambia samaki ni mali asili haiwezekani, basi anaanza kuua makarani. Sasa mie mtoto wa mnada wa samaki, baba ananadi Malindi miaka yote. Nimesoma usiku, asubuhi nafika mezani nakuta pono watatu wa kijani wamelazwa ubavu, na mnajua pono alivyo na yale meno. Nkasita kumshika. Baba: una nini? Nkamwambia baba hawa wanacheka. Kamtazama samaki, kanitazama mie, kamgeuza upande wa pili, akasema "na huku je?"

mkaa_darajani:
Pono silagi mpaka leo. Sababu nyengine lakini.

chungwa88:
Koroboi umesoma ya 1988 au ya 2008? Maana ya 1988 rangi kapaka John Higgins, zambarau na chungwa zinaumiza macho, ndo wazimu wenyewe ule. Hii ya 2008 Bolland kapaka upya mwenyewe, imepoa kama urojo wa jana.

Koroboi_Kikwajuni:
Kwa koroboi zote manjano sheikh.

mstari_mmoja:
Chungwa acha ubishi, mwenye picha ndo anajua alitaka rangi gani. Kwanza mnaruka mbali, Joker ni wa Bob Kane 1940, hao wengine wote wameiga.

chungwa88:
Kane kaweka jina tu. Karata ya jokeri alotokana nayo ilikuwa ya Jerry Robinson, na Bill Finger akaleta picha ya Conrad Veidt, yule mcheza filamu mwenye kicheko cha kudumu katika The Man Who Laughs ya 1928. Soma.

mstari_mmoja:
Wenyewe wamegombana mpaka uzeeni hawakumaliza, uje umalize wewe wa Mwanakwerekwe?

mzee_wa_karata:
Sie kwenye wahedi wa sitini jokeri tunamtoa nje hata karata hazijagaiwa. Ugomvi kwisha.

Boksi_Wete:
Nyie mmetishwa na vitabu, mie nimeshonwa nyuzi. Mnamkumbuka Joker wa Greg Capullo, 2012, yule alochunwa uso kisha kaurudisha kwa mikanda, unaning'inia unaoza? Binamu yangu alikuja nao kwenye simu kutoka Dubai. Basi Idd el Hajj ya 2013 tumechinja, ngozi imetupwa kwenye uzio uani, mie nna miaka kumi na tatu na akili sina. Nkakata kipande cha tumboni, nkatoboa macho kwa msumari, nkachana mdomo mpaka masikioni, nkaufunga kichwani kwa mkanda wa baba. Wallahi ile harufu... mbichi ile, ya moto upande wa ndani, inateleza puani, inzi wananifuata kama bwana harusi. Nia yangu niwatishe watoto wa ami. Nkajibanza nyuma ya mlango wa jiko, nikasikia miguu, nkaruka na kile kicheko. Kumbe watoto wako barazani, alokuwemo jikoni ni bibi anakuna nazi. Hakupiga kelele hata. Alinyanyuka, kainua mbuzi, kanipiga nayo kidevuni.

pono_wa_malindi:
Umevaa mbuzi umepigwa na mbuzi 😂😂

mkaa_darajani:
Subhanallah. Bibi je? Hakupata kitu?

binti_chake:
Hebu maliza bwana, nyuzi ngapi?

Boksi_Wete:
Nne. Na baba akanirudia kwa mkanda ule ule, ushanuka.

chungwa88:
Kidevu kimekuwa kirefu? Ndo Neal Adams huyo wa 1973, Joker wa kweli kidevu.

mstari_mmoja:
Hapo tu nakubaliana nawe.

binti_chake:
Mie Dave McKean, Arkham Asylum 1989. Yule humuoni vizuri, unaona kucha na nywele za kijani, na maneno yake mekundu yametapakaa kama kamwaga mtu. Nilikisoma skuli chini ya dawati, sikumaliza. Kiko kwetu Chake kimeanza ukungu, mnavitunza vipi na huu unyevu?

mzee_wa_karata:
Tia karafuu kavu katikati ya kurasa. Mende hagusi.

chungwa88:
Usithubutu, mafuta ya karafuu yanatia doa. Debe la biskuti na mchele chini.

mkaa_darajani:
Mchele unaleta wadudu. Muuzie mtalii.

Koroboi_Kikwajuni:
Cha kwangu kimerudi droo, kifudifudi. Mtoto leo kataka tochi yake mwenyewe. Boksi hujajibu, bibi yu hai?

Boksi_Wete:
Yupo, miaka themanini na ushei. Idd akija kukaa jikoni mimi napita mlango wa mbele.