Mjadala: Watawa wa mungu wa maarifa wafunge maktaba au waifungue?

KalamuMoja: Wakuu, tumekwama kwenye huu ulimwengu wa hadithi tunaoutunga pamoja. Watawa wetu wa mungu wa maarifa wana nadhiri mbili: kutunza kila andiko, na kutomnyima jibu yeyote anayeuliza. Sasa maktabani kwao kimeonekana kitabu kinachofundisha jinsi ya kuamsha tauni. Mkuu wa shirika anataka kukifungia. Wanovisi, yaani watawa wanaoanza, wanasema akikifungia atakuwa amevunja nadhiri ya pili. Mimi niko na wanovisi. Mungu wa maarifa anayefunga mlango amekuwa mungu wa kufuli. Mnasemaje?

MzeeFunguo: Akifungie, tena leo hii. Hata waandishi wa kweli walifanya hivyo. Kule Babeli, kwa watu wa Nabu, mungu wao wa uandishi, baadhi ya vigae vya udongo walivyoandikia viliishia na onyo kwamba mwenye kujua amwonyeshe mwenye kujua, na asiyejua asione. Walijua walichokuwa wanakilinda. Na hao wanovisi mnaowatetea, wanaoshinda wameinamia meza wakinakili, ni makarani tu. Kwenye jambo la imani hawana sauti.

BintiWino: Makarani tu? Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapo umenichoma. Hilo onyo lako la Babeli nani aliliandika? Ni mnakili, mwishoni mwa kazi yake! Na ngoja nikuambie jambo jingine kuhusu hao hao. Mnakili akifika mahali ambapo kigae cha asili kimemeguka, alikuwa akiandika pale pale kwamba pamevunjika. Wengine walibainisha hata kama ni mvunjiko mpya. Hebu mfikirie mtu huyo. Yuko peke yake, huenda anajua kabisa sentensi ilivyopaswa kuisha, na bado anauzuia mkono wake usijaze. Kwangu mimi hiyo ndiyo ibada, kuliko hotuba ya mkuu yeyote wa shirika.

MzeeFunguo: Binti, sikusema hawana kazi, nimesema hawana sauti. Kasuku naye hurudia vizuri. Mtu anaweza kunakili kitabu kizima cha tauni asielewe hata mstari mmoja.

BintiWino: Sasa ni kasuku. Asante sana.

RafuYaSaba: Tusigombane. Kuna yule mfalme wa Ashuru, jina limenitoka, aliyejisifu kwamba anajua kusoma na akakusanya maktaba kubwa. Huyo alifungia au alifungua?

Mchanga: Ashurbanipal, wa Ninawi, karne ya 7 KK. Vigae na vipande zaidi ya 30,000 viko British Museum, London. Ilikuwa maktaba ya mfalme, raia wa kawaida hakuingia. Mji ulipoangushwa mwaka 612 KK, moto ulioteketeza majumba ulivioka baadhi ya vigae vikawa vigumu zaidi.

MzeeFunguo: Mnaona? Waliofunga ndio waliotunza.

KalamuMoja: Hapana, Mzee, hapo moto ndio uliotunza! Na kutunza kigae ni jambo moja, kutunza usomaji wake ni jingine. Angalia Misri, nchi ya Thoth, mungu wa waandishi. Andiko la mwisho lenye tarehe la hieroglifi, mwandiko wao wa kale wa picha, lilichongwa kwenye hekalu la Philae mwaka 394. Wakati huo waliobaki kuujua mwandiko ule walikuwa makuhani wachache. Walipokwisha, kuta zilibaki zimejaa maneno, na hakuna aliyeweza kuyasoma hadi Mfaransa Champollion alipoufumbua mwandiko mwaka 1822. Zaidi ya miaka 1,400!

MzeeFunguo: Usipotoshe watu. Hawakuponzwa na siri. Watawala Wakristo ndio waliozima mahekalu, na Philae yenyewe ilifungwa na mfalme wa Roma, Justinian, karne ya 6.

KalamuMoja: Sawa, amri zilitoka kwa watawala. Lakini ujuzi ukiwa mikononi mwa watu wengi, amri ya mfalme haiui wote. Ukiwa kwa wachache, ukifunga hekalu umemaliza.

RafuYaSaba: Nina njia ya kati. Kitabu cha tauni kigawanywe, kila mnovisi anakili ukurasa mmoja, asiwepo hata mmoja anayekijua chote. Kinatunzwa na hakisomeki.

BintiWino: Hiyo ni mbaya kuliko kufuli! Unamfanya mtu awe mkono usio na kichwa. Mnovisi aliyeapa kwa mungu wa maarifa anyimwe kuelewa anachokiandika kwa mkono wake mwenyewe? Asiyeelewa hawezi hata kuona kwamba ameruka mstari, na kwenye kitabu cha namna hiyo mstari uliorukwa huenda ndio unaoeleza dawa.

Mchanga: Hapo naungana na Binti. Mnakili aelewe.

KalamuMoja: Wakuu, swali langu lilikuwa nani aruhusiwe kusoma. Hatujalijibu.

BintiWino: Mimi siandiki sura ya wanovisi mpaka hayo maneno "makarani tu" yaondolewe.

MzeeFunguo: Siyaondoi. Sura ya mkuu wa shirika ni yangu, na atayatamka mbele yao wote.

BintiWino: Ayatamke. Mnovisi atakayesimama kumjibu namwandika mimi, usiku huu huu.