Safari ya Sevilla, Córdoba na Granada na mama yangu bila Kihispania: tujiandae na maneno gani?

Mwana wa Ngamiani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwezi wa Aprili, inshallah, nitasafiri na mama yangu kutoka Tanga kwenda Hispania kwa siku 10. Tutaanzia Sevilla, kisha Córdoba na Granada, kwa kuwa mama ana hamu ya miaka mingi ya kuuona kwa macho yake msikiti wa Córdoba. Viza na hoteli vimekamilika; kinachoninyima usingizi ni lugha. Kiingereza changu ni kidogo, mama anajua Kiswahili na kusoma Kiarabu cha Kurani, na Kihispania hatuna hata neno moja. Ana umri wa miaka 68, anajidunga insulini kwa sababu ya kisukari, na nguruwe hali kabisa. Wiki ya tatu sasa ninajifunza kwa programu ya simu, lakini inanifundisha rangi na majina ya wanyama, wakati ninachotaka ni namna ya kumlinda mama. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Mkazi wa Málaga

Wa alaykumu salaam. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa, na nilifika nikiwa kama wewe. Rangi na wanyama waache kwanza. Mswahili ana mtaji mkubwa katika lugha hii, nao ni irabu: a, e, i, o, u za Kihispania ni hizi hizi zetu, kwa hiyo ukisoma neno kama lilivyoandikwa utaeleweka. Kumbuka tu kwamba j hutamkwa h, ll hutamkwa y, ñ ni ny ya nyanya, na h yenyewe haitamkwi. Yako pia maneno mtakayoyatambua bila mwalimu, mengine kwa kuwa yametoka Kiarabu kama yetu na mengine kwa kuwa Mreno alituachia ndugu zake: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zeituni, mesa ni meza, bandera ni bendera.

Neno moja mwonye mama mapema. Kwao sí maana yake ni ndiyo. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea alisimama sokoni akiwanyooshea samaki kidole, "si huyu, si huyu," na kila aliyemkataa, muuzaji alimweka kwenye mzani. Afadhali aseme no na kutikisa kichwa.

Kuhusu nguruwe, msitegemee sin carne, yaani bila nyama, kwa sababu wapo wengi hapa ambao wakisema carne hawahesabu jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, wala soseji ya chorizo. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza dengu sin carne katika mkahawa mmoja, na chini ya bakuli nikakuta vipande vyekundu vya chorizo. Niliumia sana, na mhudumu alishindwa kuelewa kosa lake ni lipi. Taja kila kitu kwa jina: sin cerdo, sin jamón, sin chorizo, sin manteca, na hiyo manteca ni mafuta ya nguruwe. Hata salmorejo, supu baridi ya nyanya ya Córdoba, kwa kawaida hunyunyiziwa yai na jamón juu yake. Mimi wageni wangu huwapeleka kwenye samaki wa kukaanga, pescado frito, au tortilla, ambayo huku ni mayai na viazi.

Na salimieni kabla ya kuuliza chochote, dukani na hata kwenye lifti: buenos días asubuhi, buenas tardes baada ya chakula cha mchana. Watu wa Andalusia, jimbo lenye miji yote mitatu mtakayotembelea, huimeza s ya mwisho, basi mtasikia "bueno día", msidhani ni neno jingine.

Bi Mkubwa wa Likoni

Mwanangu, mimi pia nina kisukari, na nilikwenda Granada na binti yangu. Kilichonitesa zaidi ya maneno ni saa za kula. Chakula cha mchana huanza kama saa nane, na usiku mikahawa mingi haiwashi jiko kabla ya saa mbili au saa tatu, jambo ambalo mtu wa insulini hawezi kulisubiri, kwa hiyo nunueni mkate na matunda mapema mkae navyo. Binti yangu aliniandikia kadi nikaivaa shingoni: Soy diabética. Uso insulina. Necesito comer ahora. Maana yake nina kisukari, natumia insulini, nahitaji kula sasa. Jioni moja sukari ilishuka, jasho baridi likanitoka, na binti alikuwa mbali kwenye foleni ya tiketi. Nilimwonyesha kadi mama mmoja aliyekuwa akiuza magazeti. Alinikalisha kwenye kiti chake akakimbia kuniletea maji ya machungwa. Sikumwelewa neno hata moja, lakini kadi aliisoma.

Duka la dawa huitwa farmacia na lina msalaba wa kijani. La zamu ya usiku ni farmacia de guardia. Namba ya dharura ni 112. Tena angalia bomba bafuni: C ni caliente, maji ya moto, na F ni fría, baridi.

Abiria wa Reli

Nyongeza kuhusu treni. Salida mlangoni ni njia ya kutokea, lakini kwenye ubao wa stesheni ni saa ya kuondoka. Vía ni reli mtakayopandia, coche ni behewa, plaza ni kiti. Tiketi ikiandikwa 14:35, mwambie mama saa nane na dakika 35. Sevilla hadi Córdoba kwa treni ya kasi ni kama dakika 45, na mizigo hukaguliwa kwa mashine kabla ya kupanda, kwa hiyo fikeni mapema.

Mwana wa Ngamiani

Mungu awalipe kheri. Kadi nimeanza kuiandika leo. Mama anauliza kama ataweza kuswali rakaa mbili ndani ya msikiti wa Córdoba.

Mkazi wa Málaga

Hataweza, na mweleze kabla hamjatoka Tanga ili asivunjike moyo mbele ya mihrabu. Abd al-Rahman wa Kwanza alianza kuujenga karibu mwaka 785, ukafanywa kanisa mwaka 1236, na hadi leo ni kanisa kuu la Kikatoliki. Mwislamu akianza kuswali, walinzi humzuia. Ataswali Granada, katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 mtaa wa Albaicín, ambao unatazamana na Alhambra, ngome na kasri ya kale ya wafalme Waislamu. Na ndani ya Alhambra, mama ndiye atakayekusomea wewe: kuta zimejaa maneno wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Tiketi ya Palacios Nazaríes, yaani kasri za wafalme hao humo ndani, ina saa yake ya kuingia, na mkichelewa hamruhusiwi. Chukueni pasipoti zote mbili, kwa kuwa tiketi hutolewa kwa jina.