Walisu wahame kwa ajili ya kindi aliyepatikana mara moja?

Mchokonozi: Wadau, kule Namdapha, Arunachal Pradesh, India inakopakana na Myanmar, kuna kindi arukaye ambaye sayansi imempata mmoja tu, mwaka 1991. Mle mle hifadhini wanaishi Walisu, wanalima na kuwinda, na mvutano wao na serikali hauishi. Je, ni haki kumhamisha mtu kwa ajili ya mnyama wa aina hii?

Bint Saidi: Ni 1981. Na usimsingizie kindi. Ile ni hifadhi ya chui milia tangu 1983, karibu kilomita za mraba 2,000. Mvutano ungekuwepo hata kindi asingezaliwa.

Kilongalonga: Kaonekana 1981 halafu kimya? Huyo jini.

Rweyunga: Jini gani! Ndugu yake alipatikana Laos 2012, sokoni, kwenye nyama pori. Mwaka uliofuata ndio akapewa jina la kisayansi. Tatizo ni mdomo. Watu wanaokula kila kinachotikisika mnawatetea nini? Ni kama wenzetu wa Mtwara na panya wao.

Mmakonde Halisi: Nilikuwa nasoma kimya kimya. Panya buku anakula majani na mizizi, msafi kukuzidi. Wewe mtafuna senene una ubavu wa kumcheka nani?

Rweyunga: Senene ni chakula cha heshima, bwana mdogo. Tulikuwa tunawapelekea wakwe.

Mmakonde Halisi: Mkwe kapelekewa panzi akashukuru 😂 Pole yake.

Kilongalonga: Kwani senene kopo shilingi ngapi siku hizi?

Bint Saidi: Jamani, kindi! Wachina walikuta kielelezo kimekaa kwenye hazina ya makumbusho Kunming, wakaenda milima ya Gaoligong kutafuta, wakamwona hai. 2019 wakatangaza spishi mpya, ya tatu. Hawakumfukuza mtu yeyote. Namdapha kamera nyingi hufungwa chini kwenye vigogo kuvizia chui, na huyu anatembea usiku, juu kabisa, anateleza hewani kwa ngozi iliyounganisha miguu. Utampataje? Isitoshe kuna kindi warukao wengine mle, wakubwa na wekundu vilevile; ukimulika tochi mara moja huwezi kuapa.

Mchokonozi: Basi waajiriwe Walisu wenyewe wamtafute. Nani anaujua ule msitu usiku kuliko mwindaji?

Rweyunga: Umwajiri fisi kulinda bucha.

Mmakonde Halisi: Umeanza tena. Mwindaji kwako ni fisi, ila baba yako na bunduki yake ya kanga alikuwa nani, mhifadhi?

Rweyunga: Baba yangu usimtaje.

Mmakonde Halisi: Na wewe Mtwara usiitaje.

Kilongalonga: Bei ya senene bado sijajibiwa.