Kijani mpauko au kijani cha jeshi ndani ya nyumba? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za Jumapili, mliopaka kijani ndani njooni hapa. Nimekwama kati ya kijani mpauko, kile chenye ujivu kwa mbali, na kijani cha jeshi, ni kwa sebule na chumba cha kulala. Kwenye chati dukani vyote vilinivutia, nikachukua kopo la lita 1 kila kimoja nikapaka vipande viwili ukutani vikubwa kama kalenda, leo siku ya tatu navitazama tu. Asubuhi mpauko naupenda mno, saa 2 usiku nikiwasha taa unakuwa ukuta wa zahanati. Nyie mlifanyaje?

Mdau wa Kibaha: Hiyo ni taa mkuu, wala siyo rangi. Mimi nilikuwa na balbu nyeupe za 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga), nikaweka za njano 3000K ukuta ukatulia. Jaribu balbu moja kwanza.

Mdau wa Moshi: Dirisha langu la chumbani linatazama migomba. Nikapaka mpauko chumba kizima, asubuhi jua likipita kwenye yale majani hata shuka jeupe linaonekana kijani, nililia jamani na fundi keshaondoka na hela yake. Ukuta unaotazama dirisha nikaurudia rangi ya maziwa ndo ikapoa. Angalia nje ya dirisha lako kuna nini.

Mdau mwingine: Cha jeshi nimepaka ukuta mmoja tu nyuma ya kitanda, zilizobaki krimu, na kitanda changu cha mninga kinang'aa pale sijapata kuona. Chumba chote usithubutu kama dirisha ni moja, rangi nzito inakula mwanga. Na fundi apige praima, ile rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, wangu alipaka moja kwa moja juu ya wolputi, ule unga wa kulainisha ukuta, mkono wa kwanza ukanyonywa wote madoa madoa, kopo likaisha, nikaongeza lingine kumbe kijani si kile kile, mpaka leo kuna mstari. Nunua yote siku moja ichanganywe pamoja.

Mleta mada: Asanteni sana, jana nimebadili balbu, kweli zahanati imeondoka! Mpauko sebuleni, cha jeshi nyuma ya kitanda. Ila dada wa Moshi, nje ya sebule yangu kuna ukuta wa jirani wa matofali mekundu, hautanisumbua?

Mdau wa Moshi: Jua likiupiga utakusumbua kidogo, wekundu unaufifisha ukijani, rangi yako inakuwa kama udongo. Usimwite fundi bado, kaa sebuleni leo saa 11 jioni uone.